Namba 17 ya mtafiti wa ubongo: tulipoifungua tukakuta mwani ndani

Hiki kisa kimenipitia mkononi kazini, na kwa vile kimeshaisha na muhusika mwenyewe kasema andika tu ila jina langu uliache, basi naandika. Chuo sikitaji. Namba zake nimezisogeza kidogo asijulikane lakini uwiano ni ule ule, na hesabu zinakubali ukizipiga mwenyewe.

Muhusika ni mtu wa Pemba, daktari aliyeingia kwenye utafiti wa ubongo, kifafa zaidi na makuzi ya ubongo wa watoto wadogo. Kaomba kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi kwenda profesa mshiriki. Kwenye maombi yake kaandika, tena kwa wino mzito, kwamba kazi zake zimenukuliwa, yaani zimetajwa ndani ya makala nyengine, mara 3,905 na h-indeksi yake ni 17 kwa mujibu wa Google Scholar, ule mtandao wa Google wa kutafutia kazi za kitaaluma. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu mzima, mwalimu wa fizikia, tumwite Maalim, kafungua Scopus, hifadhidata nyengine ya makala na nukuu, pale pale kikaoni kaona h-indeksi ya mtu huyo huyo ni 6. Kumi na saba kule, sita huku. Kikao kikachafuka. Mmoja anasema huyu kajipachika, mwengine anasema hiyo Scopus kazi za Waafrika haizihesabu, wa tatu yeye katulia zake anakula kashata. Mwisho faili likateremshwa maktaba ninakofanya kazi mie: "Mpeni bibie alitazame."

Kwa asiyeijua h-indeksi, ni hivi. Unazipanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa sana kuteremka chini, unahesabu moja, mbili, tatu, mpaka ufike pale ambapo nambari ya mstari inaipita idadi ya nukuu, unasimama. Mtu akiwa na makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12, na ya 13 haijafika 13, basi h yake ni 12. Kaianzisha Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, mwaka 2005, na ndani ya makala ile ile akatupia pendekezo kwamba kwa wanafizikia wa vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani h ya 12 hivi ingetosha kwa profesa mshiriki na 18 hivi kwa profesa kamili. Sasa Maalim hiyo 12 anayo kichwani toka zamani, na kwa fani yake si ajabu, ila yale maneno yalisemewa wanafizikia wa Marekani, hayakusemewa daktari wa kifafa anayeteremka bandarini Mkoani na begi la fomu mgongoni. Na Hirsch mwenyewe mwaka 2020 kaandika kuwa kipimo chake kinaweza kufeli vibaya na kikaleta madhara ambayo hakuyatarajia. Hilo kamatini halikuwa limefika.

Haya, nikafungua profaili yake ya Google Scholar. Makala 34. Ya kwanza ya ubongo, ya pili ya ubongo, ya tatu ni kilimo cha mwani. Nikateremka chini, mwani tena. Nikateremka, cottonii, aina ya mwani hiyo, kufa maji yakipata joto. Kufika mwisho nimekuta kazi 9 kati ya 34 ni za mwani na mambo ya pwani, Paje, Jambiani huko, na zina nukuu nzuri tu, jumla 335. Nikampigia simu.

"Daktari, hujambo? Hebu nambie, mwani umeanza kulima lini?"

"Mwani gani tena, dada?"

"Huu ulioko kwenye profaili yako."

Kimya. Halafu: "Yakhe! Ile kitu inajiongeza yenyewe."

Na kweli inajiongeza. Google Scholar ukiiruhusu isasishe yenyewe, kila ikiona makala yenye jina linalofanana na lako inaikamata inakutilia, wewe usipopita kuzitoa zinakaa. Lakini kwa nini majina yafanane kiasi hicho? Kwa sababu sisi huku wengi hatuna jina la ukoo lile la kizungu, tuna jina la mtu, la baba na la babu, basi. Chukua mtu anaitwa Khamis Ali Juma, jina la mfano tu hili, mashine ya kule inachukua la mwisho inalifanya la ukoo, anakuwa Juma K.A., yaani kaitwa kwa jina la babu yake. Na Juma K. Unguja na Pemba wako wangapi? Mwenzake kwenye makala nyengine kajaza fomu kaweka Ali mwisho, akawa Ali K.J. Bado hujaja kwenye tahajia, Khamis, Hamis, Hamisi, Mohammed, Mohamed, Muhammad, kila mhariri na yake. Mtu mmoja anagawanyika mara tatu, na watu watatu wanaunganishwa kuwa mmoja, siku moja, kwenye mtandao mmoja.

Mwenye mwani wake yupo, dada mmoja wa taasisi nyengine kabisa, hata profaili hana. Nilipomuuliza kasema waache huko huko mie sina haja nazo. Nikamwambia una haja nazo, na wewe utakuja kuomba cheo siku moja.

Je daktari alikuwa anajua? Mie namuamini nusu. Kuiwacha mashine ijiongezee si dhambi, watu wangapi wanafanya hivyo, lakini kuitia namba kwenye barua kwa wino mzito bila kuuteremka ule ukurasa hata mara moja, hapo simsamehi, huyu ni mtu ambaye kwenye kazi yake ya kliniki anahesabu vidonge vya mgonjwa kimoja kimoja kujua kama vimenywewa.

Tukautoa mwani. Nukuu zikashuka kutoka 3,905 hadi 3,570, na h kutoka 17 hadi 12. Ukitazama kwa haraka utasema jumla haikuguswa sana ila h imeanguka, na hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu makala za mwani zilikuwa za wastani zenye nukuu ishirini, thelathini, arubaini, na hizo ndizo h inazozipenda. Makala moja kubwa mno haiipandishi h zaidi ya moja, makala nyingi za kati ndizo zinaipandisha.

Halafu nikaja kwenye hiyo moja kubwa mno. Katika zile 3,570, makala moja peke yake ina 3,100. Ni kazi ya ushirika wa kimataifa kuhusu mzigo wa maradhi ya mfumo wa fahamu, zile kazi za nchi kwa nchi zinazotoka jarida la tiba la Lancet na ndugu zake, waandishi mamia, jina la daktari wetu limo katikati huko hulioni mpaka ulitafute kwa kompyuta. Kachangia nini? Kapeleka takwimu za huku, kasoma rasimu, katoa maoni. Ni kazi halali na hakuna aliyeiba kitu. Ila ni kama orodha ya mchango wa harusi, jina lako limo na pesa yako imeliwa, lakini huwezi kusema harusi umeifanya wewe. Ukiiweka pembeni zinabaki nukuu 470 tu, na h inashuka kutoka 12 hadi 11. Moja tu! Kwa h makala ya nukuu 3,100 na ya nukuu 40 ni sawa, kila moja ni makala moja, na kwa haki hapo naisifu, mgala muue na haki yake mpe, jumla ya nukuu ilikuwa inadanganya kwa asilimia 87 wakati h haikuyumba sana.

Lakini ona ilivyoangukia. Kizingiti cha Maalim ni 12. Akiwa na ile makala ya ushirika daktari ni profesa mshiriki, bila ile makala ana 11 kakosa. Cheo cha mtu kinaning'inia kwenye jedwali moja alilolituma kwa barua pepe.

Nilipomweleza Maalim habari ya nafasi za majina kwenye orodha ya waandishi hakunielewa mara moja, na sababu ninayo. Kwenye fizikia ya chembe makala moja ya CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ya mwaka 2015 ina waandishi 5,154, na kwenye fani hiyo majina kwa kawaida yanapangwa kwa alfabeti, kwa hiyo wa kwanza au wa mia tatu kwao haina maana. Kwenye tiba na sayansi ya ubongo sivyo. Wa kwanza ndiye aliyeibeba kazi, wa mwisho kwa kawaida ndiye mkubwa wa kundi, mwenye wazo na pesa, na katikati ni kila kitu, aliyechukua damu, aliyepiga hesabu, aliyeazima gari. Katika makala 25 za ubongo za daktari wetu, wa kwanza yeye ni 7, wa mwisho 2, na 16 yuko katikati. Hii naiona inasema mengi kuliko h zote.

Habari ya Scopus ni fupi. Yeye ana profaili mbili kule, moja kwa jina la babu na moja kwa jina la baba, moja ina h 6 ambayo ndiyo aliyoiona Maalim, nyengine ina 5. Na h hazijumlishwi, 6 na 5 hazifanyi 11, lazima makala zimwagwe pamoja zihesabiwe upya, na nilipofanya hivyo kwenye eksel nikapata 9. Tofauti iliyobaki baina ya 9 ya Scopus na 12 ya Google Scholar si ya kushangaza, Scopus inachagua majarida ya kuyaingiza, Google Scholar inakusanya mpaka tasnifu na ripoti, zote mbili zimeanza mwaka 2004 na hazijawahi kukubaliana. Dawa ya majina ni ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, isiyolipiwa, ipo toka 2012, daktari kaifungua zamani kwa sababu jarida lilimlazimisha, ndani hakuweka kitu.

Sasa nije kwenye ile sehemu iliyonichukua muda na ndiyo niliyoipenda. Nimechukua makala moja aliyoandika yeye mwenyewe wa kwanza, ina nukuu 61, inahusu kwa nini watu wa kifafa wanaacha dawa. Mkumbuke kifafa ni watu kama milioni 50 duniani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, karibu 80 katika kila 100 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, na dawa ya phenobarbital ni rahisi mno, na bado watu hawaifikii au wanaiwacha. Kwetu huku mtu anaanguka kwenye moto au anaanguka ngalawani, na nyumba inagawanyika, bibi anataka mganga, mama anataka hospitali, kidonge kinakwenda wiki mbili kinaisha na safari ya kliniki ni nauli. Makala yake imeingia ndani ya hayo, nyumba kwa nyumba, na dodoso ni la kwake.

Nikazifungua kazi zote 61 zilizoitaja, nikaangalia kila moja imeitaja wapi na kwa lipi. 38 zimeitaja kwa kupita tu, pale mwanzoni, "kifafa ni tatizo Afrika" halafu namba za marejeo nane kwa mkupuo, hawa wengi sidhani kama wameisoma zaidi ya ikisiri. 6 kajitaja mwenyewe, na sioni tatizo, mtu akiendeleza kazi yake ataitaja. 11 zimetumia takwimu zake kwenye hesabu zao. 4 zimechukua dodoso lake zikalitumia kwengine. Na 2 zimeitaja kumpinga, moja kwa ukali kidogo, inasema sampuli yake imekusanywa karibu na kliniki mno kwa hiyo waliokata tamaa kabisa hakuwapata. Hoja nzito ile, na yeye kaijibu kwenye makala ya baadae kwa kwenda vijiji vya mbali. Kwa mashine zote ni moja moja moja, aliyepita njia, aliyelichukua dodoso na aliyempinga. Mie ukinambia nichague, zile 4 na zile 2 ndizo zinanambia kuna mtafiti hapa.

Kuna mjumbe kaniuliza, kwani kutajwa sana si ndio ushahidi wa ubora? Nikamletea mwaka 2006. Mwaka huo zimetoka makala mbili ambazo zote zimekuja kunukuliwa zaidi ya mara elfu. Moja ni ya Pemba yetu, kwenye Lancet, Sazawal na wenzake, utafiti wa watoto wadogo zaidi ya 24,000, baadhi wakapewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku na wengine hawakupewa, na wakakuta kuwa mahali penye malaria nyingi waliopewa chuma walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kuugua sana mpaka kulazwa au kufa, ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe kabla ya wakati, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake wa kugawa chuma bila kupima kwenye sehemu za malaria. Nyengine ni ya jarida la Nature, kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, kuhusu aina ya protini ya amiloidi inayoharibu kumbukumbu, ikasifiwa sana na watu wa ugonjwa wa Alzheimer, watu wakajenga kazi zao juu yake, mpaka Juni 2024 ikaondolewa jaridani kwa sababu picha zake zilichezewa. Hii ilikuwa na nukuu zaidi ya 2,000. Na hizo nukuu hazifutiki, profaili za watu bado zinazo.

Tena hapo hapo Pemba miaka mitano kabla, 2001, Stoltzfus na wenzake wametoa kwenye jarida la tiba la BMJ utafiti wa watoto 614 wa miezi 6 hadi 59, ambao ulionesha chuma kinasaidia lugha ya mtoto kukua, na matumizi ya viungo pia kwa wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Yaani chuma kile kile kinasaidia ubongo na kile kile kwenye malaria kinaumiza. Wanaoitaja ya 2006 wengi wanaitaja kama onyo, wengine wanabishana nayo, wengine wanataka kujua kama mtoto akilindwa na malaria mambo yanabadilika. Huo ndio mjadala wenye faida, na kwenye kihesabio ni nambari inayopanda tu. Na jambo jengine, orodha ya waandishi wa ile ya 2006 ina majina kadhaa ya Zanzibar, na wa kwanza si mtu wa kwetu. Daktari wetu ujana wake kakulia kwenye tafiti za namna hii, ndio maana ana 16 za katikati. Sio uvivu. Ndivyo pesa za utafiti zinavyokuja, na wenyewe.

Mjumbe mwengine kataka tutumie impakti fakta ya majarida, nikamwambia hiyo ni wastani wa nukuu ambazo makala za jarida za miaka miwili ya nyuma zimepata, haimhusu mwandishi. O'Keefe na mwenzake Dostrovsky waliandika kurasa tano tu mwaka 1971 kuhusu seli za panya zinazojua mahali, na O'Keefe Nobeli imemfikia 2014, huko miaka miwili ingempa nini?

Ripoti niliyoandika ilikuwa kurasa mbili. Nimesema 17 si sahihi na 6 si sahihi. Nimeweka 12 na 11 za Google Scholar na 9 ya Scopus, kila moja na maelezo ilivyopatikana na tarehe niliyoitazama. Nimesema sijaona dalili ya kughushi, nimeona uzembe. Nikapendekeza afute ile sehemu ya namba aandike kazi tano anazojivunia, kila moja aya moja, kafanya nini yeye kwa mkono wake na nani kaitumia. Hakufurahi. Siku mbili hakupokea simu yangu, halafu kaja mwenyewe na halua ya Wete na rasimu, na ile makala ya nukuu 3,100 haimo katika tano alizochagua.

Kamati imempitisha, si kwa sauti moja. Maalim kaandikisha hoja yake na mie naiona ina uzito: makala 7 za mwandishi wa kwanza ni sawa, lakini za mwisho ni 2 tu, kwa profesa mshiriki unatarajia mtu awe ameshaanza kusimamisha vijana wake, wako wapi? Daktari kajibu kuwa wawili wako njiani, mmoja anafanya uzamili Muhimbili. Hoja imebaki kwenye kumbukumbu za kikao ije itazamwe akiomba uprofesa kamili.

Profaili mbili za Scopus zimeunganishwa baada ya kuwaandikia, sasa inasoma 9. Fomu ya maombi bado ina kile kisanduku kimoja kimeandikwa "h-indeksi". Nimeomba waongeze mstari chini yake, ya wapi na ya tarehe gani, na safu mbili za mwandishi wa kwanza na wa mwisho. Nimejibiwa fomu zimeshachapwa za mwaka mzima.